Mtunzi wa Hadithi na Siri za Kwao

Shule za Masasi na Newala hazina upungufu wa hadithi. Mwanafunzi wa huko hufika darasani na ngano za sungura alizopewa na bibi yake, habari za jando na unyago, na visa vya ndugu waliovuka mto Ruvuma. Hata hivyo, akiambiwa atunge hadithi, mara nyingi humpeleka mhusika wake Dar es Salaam, mji ambao pengine hajauona, akampa gari na mchumba, kisha akamwua kwa ajali. Walimu huliita jambo hili uvivu wa kufikiri. Sisi twaona sababu nyingine: kijana huyu anaogopa kuandika anachokijua, na hofu yake ina msingi.

Hofu hiyo si ya leo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, nao wakaanzisha makao Masasi. Steere huyo ndiye aliyekuwa amechapisha London, mwaka 1870, mkusanyo wa ngano za Unguja. Ngano za masultani na wanyama zilipata kitabu, ilhali waliofuatana naye njiani walikuwa na visa vyao wenyewe vya kutekwa, kuuzwa na kupoteza wazazi. Visa vya namna hiyo, walivyosimulia wavulana wa shule ya Kiungani huko Unguja, vilichapishwa mwaka 1887, lakini kwa Kiingereza. Mwaka 1934 James Mbotela wa Frere Town, karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa kwa Kiswahili. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwashukuru mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Tungeongeza neno moja juu ya ufundi. Shukrani ikitangulia, mtunzi hapati nafasi ya kukaa na mtu mmoja hadi maumivu yake yasikike. Mbotela alikuwa akisimulia majonzi ya wazee wake mwenyewe. Kuyafunika kwa shukrani kulikuwa rahisi kuliko kuyaacha wazi.

Wamakonde wanayo njia nyingine ya kufunika. Katika midimu, ngoma ya vinyago ichezwayo hasa vijana wanapotoka jandoni, mchezaji hufunikwa mwili mzima na uso wake huwa wa mti. Asiyepita jandoni haambiwi ni nani aliyemo ndani. Kinyago chaweza kuwa cha mzee, cha mwanamke mwenye ndonya, au cha mgeni mwenye makuu. Watazamaji hucheka, huogopa, hujiona wenyewe, na hakuna jirani aliyetajwa kwa jina. Ubunifu wa mtunzi wa hadithi unafanana na kazi hiyo: huchukua mwendo wa mtu huyu, usemi wa yule, na msiba wa mtu wa tatu, akachonga mtu mpya. Anayemwandika shangazi yake vile vile alivyo ameandika umbea. Anayemwacha shangazi kabisa hana cha kuandika.

Chukua mfano wa maji. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwanda wa juu waliteremka mabondeni kuteka maji, na hata mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 haukuimaliza shida hiyo. Mteremko wa alfajiri, mtungi, na mazungumzo yasiyosikiwa na wanaume, ni sura nzima ya riwaya. Mvulana hawezi kuiandika bila kuwauliza dada zake, naye akiwauliza atasikia mambo ambayo angependa asiyasikie. (Maneno ya siri ya jandoni ni jambo jingine; riwaya haiyahitaji. Inahitaji uso wa mama siku mwanawe anaporudi.)

Gharama ya kazi hii tunaiona vizuri katika kisiwa cha Ukerewe, kilichotupatia watunzi wawili wakubwa. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, akaonyesha jinsi ukali wa baba unavyoweza kumwangamiza binti. Kwa muda riwaya hiyo ilizuiwa shuleni, ingawa baadaye ilikuja kufundishwa. Waliokasirika walidhani wamefunuliwa, na kwa kiasi fulani hawakukosea.

Aniceti Kitereza, aliyemtangulia, alitumia njia ya upole zaidi. Yeye na mkewe walizaa, lakini watoto wao hawakuishi. Hakuandika habari zake. Aliwatunga Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wa zama za kale wanaosumbuliwa na ukosefu wa mtoto, akawazungushia mila zote za Wakerewe: kilimo, pombe, dawa, ukwe. Msomaji asiyejua maisha ya mtunzi huona kitabu cha desturi. Anayeyajua husoma polepole zaidi. Kitereza aliimaliza kazi hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Katika riwaya yake, Myombekere na Bugonoka hatimaye wanapata watoto.