Mbwa Anayeitika

Huku Handeni, sifa ya mbwa huonekana pale ngedere anapokurupushwa kwenye mahindi. Ngedere anakimbilia kichakani, mbwa yuko nyuma yake, masikio kayalaza, na mwenye shamba anaita jina mara moja. Mbwa anakatisha mbio, anageuka, anarudi. Watu wazima waliopo pale humtazama aliyeita, kwa kuwa wanajua kilichofanyika ni kazi ya mkono wake, na ilimchukua miezi. Kazi hiyo haina cheti wala mshahara, nami naiona ni ufundi kamili kama useremala. Namwandikia hasa yule anayefuga kwa mara ya kwanza, aliyepewa kitoto cha mbwa ndani ya boksi na bado hajui aanzie wapi.

Aanzie kwenye jina. Simba, Chui, Popi, Tomi, Bosi: haya tumeyazoea na yanafaa, kwa kuwa ni mafupi na vokali zake zinafika mbali. Wapo wanaopenda jina la kijembe, mbwa akaitwa Mtasema ili jirani alisikie kila jioni. Mimi siliungi mkono. Jina la ugomvi huitwa kwa sauti ya ugomvi, na mbwa huipokea sauti kabla ya neno. Jina la mtu nalo liepukwe. Kumwita mbwa jina la mwenzako ni tusi linaloweza kuitishiwa kikao cha wazee. Tena lisikaribiane na amri. Ukimwita Toki, siku utakayosema “toka” atakuja mbio, na kosa halitakuwa lake.

Jina likishapatikana, lina sharti moja: liitwe kwa jambo la heri. Jioni, ugali ukishaiva, chutama na tonge mkononi, ita mara moja, kisha nyamaza. Kitoto kinaweza kuwa kinahangaika na kijiti. Kwanza sikio moja litasimama, halafu kichwa kitageuka. Hapo hapo, kabla hajapiga hatua, msifu kwa sauti laini, na akifika mpe tonge. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa kitu kingine, pengine kwa kukurukia. Na akitafuna kandambili ya mgeni, usimwite ili umchape. Nyanyuka wewe, mfuate alipo, mnyang'anye, yaishe. Mbwa aliyeitwa akapigwa mara mbili tatu anajifunza kwamba jina lake ni hatari, na kulisafisha tena ni kazi ngumu kuliko kumfundisha jina jipya.

Anayedhani huku ni kumdekeza mnyama atazame Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa njia hiyo hiyo: panya akipatia, anasikia mlio mfupi na papo hapo anapewa chakula. Hapigwi. Magawa, aliyezaliwa hapo mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Panya ameweza kufika huko kwa mlio na kipande cha ndizi. Fimbo tunaing'ang'ania ya nini kwa mbwa?

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Handeni na Korogwe ufundi huu una kipengele chake, nacho ndicho ninachokistahi zaidi. Mbwa hulinda nyumba, lakini haingii ndani wala hagusi chombo, kwani chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo hufundishwa mpaka wa baraza tangu mdogo. Ana bakuli lake, ana kivuli chake, na mguu wake ukivuka kizingiti hurudishwa kwa kiganja na neno moja, lile lile, na kila mtu wa nyumba. Mtoto mmoja akimwachia, somo la wiki limeharibika. Katika Sura ya Al-Kahf, mbwa wa watu wa pangoni amenyoosha miguu yake kizingitini, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Mafunzo yana uzito hata mbele ya sheria ya dini.

Korogwe ina somo lake: barabara. Mabasi ya Moshi na Arusha hayamngoji mbwa. Kamba hazikosekani katika nchi ya mkonge, basi mfunge kamba ya katani, tembea naye kando ya lami, simama kila mnapotaka kuvuka. Aketi. Akitulia, sema “haya,” mvuke pamoja. Rudieni kila siku mpaka miguu yake isimame yenyewe.

Wafugaji wa mbuzi hutumia umri. Kitoto kisitolewe kwa mama kabla ya wiki 8, na mpaka kwenye wiki ya 14 hivi akili yake iko wazi kukubali kila anachokiona kuwa ni cha kawaida. Akilala karibu na zizi katika kipindi hicho, mbuzi watakuwa watu wake, na usiku fisi akinusa boma, yeye ndiye atakayebweka kwanza.

Akifikisha miezi 3, mpeleke kwa afisa mifugo akachanjwe kichaa cha mbwa, kisha urudie kila mwaka. Ugonjwa huu dalili zikishajitokeza kwa mtu hauna tiba, na karibu wote wanaokufa nao waliambukizwa na mbwa. Siku ya chanjo ndipo utakapoona faida ya yale matonge. Mbwa asiyeitika hukimbilia vichakani, na chanjo inampita. Wako mwite kwa jina lake, mshike shingoni kwa utulivu, na sindano ikitoka, msifu. Usiache Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ipite kijijini kwako bila kuuliza chanjo inatolewa wapi.