Panga, Pangua, Panga Upya: Uhakiki wa Kitenzi Kutoka Kaskazini Mashariki

Katika magazeti ya Kiswahili nchini Kenya si ajabu kukuta sentensi ya namna hii:

(1) Rais amepangua baraza la mawaziri.

Kinachokusudiwa ni kwamba baadhi ya mawaziri wamehamishwa wizara, baadhi wameachwa na wengine wameteuliwa. Baraza lenyewe bado lipo. Msomaji ashikaye sarufi atalalamika. Pangua, atasema, ni kinyume cha panga, kama zibua ilivyo kinyume cha ziba. Kilichopanguliwa hakina mpango tena. Hivyo mwandishi alipaswa kusema "amepanga upya". Makala haya yanadai kuwa lalamiko hilo lina haki nusu tu. Kitenzi hiki kikipimwa kwa maisha na historia ya Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki, swali la msingi huwa ni hili: nani anayepangua, na kinachopanguliwa ni cha nani?

Tuanze na sarufi. Kiambishi -u- (au -o-) cha kauli ya kutendua hubatilisha tendo la awali katika jozi nyingi: tega na tegua, kunja na kunjua, ezeka na ezua. Lakini kamua haibatilishi kama, wala songoa haibatilishi songa. Hapo kiambishi hulizidishia tendo nguvu. Aidha, mtangazaji wa kandanda asemapo kwamba kipa "amepangua mkwaju", hakuna aliyekuwa ameupanga mpira huo golini. Umeelekezwa kwingine tu. Kwa hiyo umbo la kitenzi peke yake halitoshi kumtia hatiani mwandishi wa sentensi (1).

Sasa tuitazame aqal, nyumba ya jadi ya wafugaji wa Kisomali. Hujengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, na wajenzi wake ni wanawake. Malisho yanapokwisha, wanawake haohao huiteremsha, fito na mikeka ikapakiwa juu ya ngamia, na nyumba ikasimamishwa tena penye majani na maji. Kiswahili kitalielezaje tendo hilo? Bomoa haifai, kwani kibomolewacho huacha kifusi. Hama hutaja safari, haitaji kazi ya mikono. Kitenzi kinachofaa ni pangua:

(2) Wanawake wamepangua nyumba alfajiri.

Katika (2) kupanga upya hakutajwi, ila kumo. Kupangua na kupanga ni nusu mbili za kazi moja, kwa sababu aliyepangua ndiye mwenye nyumba, na ndiye atakayeisimamisha huko aendako. Neno "upya" halihitajiki.

Mambo hubadilika mtenda akiwa mwingine. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilikuta kwamba Wasomali wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Mwaka 1963 wakafanyiwa mkoa wao, wa saba, ndani ya Kenya. Hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, na katika vita vilivyofuata, tangu mwaka 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima. Habari hiyo yaweza kuandikwa kwa njia mbili:

(3) Serikali ilipanga upya makazi ya wafugaji.
(4) Wafugaji walipanguliwa.

Sentensi (3) imeficha nusu ya kwanza ya tendo: mifugo iliyopotea na malisho yaliyofungwa. Sentensi (4) imeitaja nusu hiyo, ila imemficha mtenda. Zaidi ya hayo, aliyekuwa mtenda katika (2) sasa ni mtendwa, na nyumba yake si yake kuisimamisha atakapo. Sheria za hali ya hatari katika eneo hilo hazikufutwa hadi mwaka 1991. Hapa ndipo mlalamikaji wetu anapopata ile nusu ya haki yake: mtu akipanguliwa na mwingine, hakuna dhamana yoyote katika kitenzi kwamba atapangwa tena.

Mfano wa mwisho unatoka katika Katiba. Kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, ambayo wapiga kura wa Kaskazini Mashariki waliiunga mkono kwa wingi, iliondoa muundo wa mikoa, na mwaka 2013 serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zikaanza kazi. Je, mkoa ulipanguliwa au ulipangwa upya? Majina matatu hayo ni ya wilaya za zamani. Kilichobadilika ni mahali pa madaraka. Fito ni zilezile, malisho ni mengine. Na kwa kuwa wenyeji walikuwa miongoni mwa watenda, pangua ingeweza kutumika hapa bila kumtisha mtu, kama katika (2).

Kwa kumalizia, watungaji wa kamusi hawana budi kuipa pangua maana zake zote mbili, kila moja na sentensi yake ya mfano. Nao waandishi na wafasiri wa taarifa za serikali wasiikimbilie panga upya kwa kuwa tu ni laini masikioni. Kabla ya kuiandika, na wamtafute mwenye nyumba katika sentensi yao. Asipokuwapo upande wa mtenda, neno la haki ni pangua, na aliyepangua atajwe.