Flashi Mchana

"Picha zenyewe utazitundika wapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza mzee alilomuuliza mpwa wangu, na kijana akabaki ameduwaa. Alikuwa amejiandaa kuulizwa ana shilingi ngapi, au anataka megapikseli ngapi. Anakwenda Dar es Salaam kusoma, njiani anataka kupitia Mwanza, na likizo ya kwanza ameshaipangia Zanzibar. Simu anayo. Alichotaka ni kamera ndogo ya mfukoni, isiyo ghali, ya safari na ya siku za kawaida. Vijana wameanza kuvirudia vile vikamera tulivyovitia kwenye droo miaka kumi iliyopita tukavisahau, nami sikuona sababu ya kumkataza. Nilimwambia tu, kabla hujampa mtu wa Kisumu pesa zako, twende kwanza Ahero.

Kibanda cha mzee cha kupigia picha kiko karibu na njia panda, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Nairobi. Mle ndani mna kiti kimoja, shuka jeupe la picha za pasipoti, na koti la suti ambalo nusu ya wanaume wa nyanda za Kano wamelivaa kwa dakika mbili mbili. Mzee alianza na filamu. Picha 36 kwenye mkanda mmoja, na kila moja ina mwenyewe. Mkanda ukijaa anaupeleka Kisumu kusafishwa, kilomita kama 25, na wewe unasubiri hata wiki nzima kujua kama ulifumba macho.

"Jaduong', hakuna ukuta," kijana akajibu mwishowe. "Nitaziweka tu."

"Utaziweka wapi?"

Kijana akaonyesha simu yake. Mzee akaitazama kama mtu anayeonyeshwa kaburi, kisha akasema Jumapili tungekwenda wote Kibuye.

Asiyewahi kumwona fundi akichagua kamera ya mtumba amekosa kitu. Mezani palikuwa na vikamera kama kumi, vimechanganywa na chaja zisizo na wenyewe na rimoti za televisheni zilizokufa zamani. Mwenye meza alikuwa akisifia rangi na chapa. Mzee hakumsikiliza. Alichukua ya kwanza, akafungua mlango wa betri, akaona ukoko wa kijani kwenye vyuma, akaufunga na kuirudisha. Ya pili aliiwasha akaisogeza sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Lenzi ilipotoka ilisaga kidogo, sauti ambayo mimi nisingeisikia kamwe katika kelele zile za soko. "Mchanga," akasema. Ya tatu aliimulika kwa tochi, akaigeuza, akanionyesha: ndani ya kioo kulikuwa na ukungu umetandaa kama utando wa buibui. Unyevu wa ziwa huo. Kamera iliyofungiwa mwaka mzima kwenye mkoba karibu na Nam Lolwe, Ziwa Victoria, huota kuvu, na kuvu ya lenzi haifutiki kwa shati.

Aliyoichagua ilikuwa Canon PowerShot A1200, toleo la 2011, nyeusi, nene kidogo, haina urembo wowote. Kijana alinywea. Kando yake kulikuwa na nyingine nyembamba ya fedha, nzuri kama kibiriti cha tajiri. Lakini ile nyembamba inatumia betri yake yenyewe tu. Ikivimba, utaitafuta wapi ukiwa Mwanza? Hii inakula betri mbili za tochi, na hakuna kisiwa ziwani chenye duka kisichouza betri za tochi. (Mzee alimkanya hapohapo: zile za bei rahisi zinakufa kabla hujamaliza kupiga familia moja, nunua za kuchaji, seti mbili.) Tena ina kitundu cha kuchungulia. Saa saba mchana kwenye mashamba ya mpunga skrini haionyeshi kitu ila uso wako mwenyewe ukikunja ndita. Mwenye kitundu anaweka jicho na kuona.

Megapikseli ni 12. Mzee alicheka alipotajiwa. Picha ya kadi, sentimita 10 kwa 15, inatosheka na mbili na kidogo. Zilizobaki, alisema, ni za kujisifia mbele ya wenzako. Na ile zumu ya dijitali akaizima kabisa kwenye menyu, akisema hiyo ni kukata picha kwa mkasi huku ukidhani umesogea. Tukalipa pesa ambazo zisingenunua hata kioo kipya cha simu ya kijana.

Tuliporudi Ahero mzee alimpeleka kijana kwenye mfereji, na hapo nikakumbushwa kwa nini nilikuwa nimemleta.

Nilikuwa na miaka kumi hivi nyanya yangu alipoamua kupigwa picha. Hakutaka kibandani. Alitaka shambani, kwenye mpunga, kwa sababu skimu ya umwagiliaji ya Ahero ilipoanza mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa waliotia miguu matopeni mapema, na alitaka watu wajue hivyo bila yeye kuwaambia. Alivaa gauni la kanisani na akavua viatu. Nyuma yake maji yalikuwa yanametameta, yangeyange wamejaa kwenye matuta, weupe kama nguo zilizoanikwa, na mbingu ya Kano nayo nyeupe kwa joto. Mtu mwingine angebonyeza tu. Mzee, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alisimama akamtazama kwa muda mrefu hadi nyanya akamuuliza kama kuna kosa. Kisha akamgeuza robo, jua likaja shavuni, akamsogelea hatua mbili, akawasha flashi.

Tuliokuwa pembeni tulicheka. Flashi mchana! Kuna kiza gani hapa?

Leo naelewa. Kamera haijui mtu. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na anayelipia upunguzaji huo ni mtu mweusi aliyesimama mbele ya weupe. Ndege wanatoka vizuri, mbingu inatoka vizuri, na nyanya anatoka kivuli chenye meno. Picha ngapi za wazazi wetu ziko hivyo, nguo inaonekana na uso haupo? Ile flashi ndogo, ambayo nguvu zake haziendi mbali zaidi ya hatua chache, iliurudishia uso wake mwanga uliokuwa unaibiwa. Picha ilipofika wiki iliyofuata, mikunjo yote ya kipaji ilihesabika. Nyanya aliishika kwa kingo, akaiangalia, akasema neno moja ambalo ni jina la mji wetu na ni la Kijaluo pia: ahero. Napenda.

Kwa hiyo mzee alimsimamisha mpwa wangu pale mferejini na kumfundisha jambo hilohilo kwa kamera ya 2011. Bana kitufe nusu. Subiri. Washa flashi, wakucheke. Kijana alipiga tatu, zote sawa. Akataka kuendelea. Mzee akamshika mkono: "Nyathina, ya nne ya nini?"

Mimi naona hapo ndipo tulipopotelea. Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na nadhani mtu anayesubiri sekunde 23 huwa anafikiri kidogo. Mwaka 2010 dunia ilinunua kamera ndogo kama hizi zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu imezila. Sisemi simu inapiga vibaya, hapana, mara nyingi inapiga vizuri kuliko Canon ya mpwa wangu, na ule ujanja wa flashi mchana inajaribu kuufanya yenyewe ndani kwa ndani. Ninacholalamikia ni kwamba haituulizi tunataka nini. Siku hizi kwenye matanga utaona simu 40 zimeinuliwa juu ya jeneza, na jioni hakuna hata mmoja anayeondoka na picha mkononi. Zamani mzee alikuwa akipiga asubuhi, anadandia matatu kwenda Kisumu, na kabla wali haujaisha amerudi na bahasha. Watu wanajitafuta mezani, wanalipa, wanaondoka na marehemu mfukoni.

Sina haki ya kuhubiri. Safari yangu nzima ya Rusinga, harusi ya binamu, ilipotea kwenye kadi niliyouziwa jijini. Imeandikwa gigabaiti 64, na ndani hazikuwamo hata nane. Kadi bandia inapojaa haikwambii, inakubali tu kila unachoipa na kukitupa. Picha 400 nilipiga. Zilizofunguka ni za kwenye feri.

Mzee bado anapeleka kazi zake maabara kusafishwa kwa dawa, ingawa jirani yake ana printa ya wino inayotoa picha kwa dakika moja na kwa bei nusu. Nilikuwa nikiona ni ukaidi wa kizee tu. Kisha ikaja mvua ndefu ya 2024, Mto Nyando ukavunja kingo kama kawaida yake, na nyumba ya mama ikalala siku mbili ndani ya maji ya rangi ya chai. Tulipoingia, picha zilikuwa sakafuni zimegandamana na tope. Zile za wino, za mahafali yangu na za ubatizo wa watoto, zilikuwa zimekuwa karatasi nyeupe zenye madoa ya zambarau. Mama hakulia. Alichukua beseni la maji safi, akaanza kuzitenganisha zile za dawa, moja moja, polepole, akizisuuza kama dagaa.

Akazibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na sare za shule. Nyanya alikuwa wa tatu kutoka kushoto, miguu mitupu, anachuruzika maji, shavu moja juani.