Bunduki Ndani ya Mkate: Kigezo cha Kuhakiki Fasihi ya Silaha

Maandishi ya kisiasa yanayotetea haki ya mnyonge kushika silaha huhakikiwa aghalabu kwa kigezo cha msimamo. Anayeafiki humwita mtunzi mwanamapinduzi. Asiyeafiki humwita mchochezi. Katika hali zote mbili kazi yenyewe huwa haijahakikiwa. Makala haya yanapendekeza vigezo viwili: uwezo wa fani kubeba hoja pasipo hotuba, na nguvu ambayo mtunzi anaipa hoja inayompinga.

Marekani iliitaja haki ya kumiliki silaha katika rekebisho la katiba la 1791. Nchini Kenya bunduki ni kitu cha leseni, na madai ya haki hiyo yamepata makao zaidi katika fasihi. Dedan Kimathi alishtakiwa Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo waliijengea kesi hiyo tamthilia mwaka 1976, nayo ikatafsiriwa kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*.

Kwa kigezo cha kwanza, tamthilia hiyo imefaulu. Mwanamke anamkabidhi kijana wa mitaani mkate uliofichwa bunduki. Njaa na silaha zinakutana katika kitu kimoja kinachoshikika, na hadhira inaelewa chanzo cha vita kabla ya mhusika yeyote kukieleza. Kwa kigezo cha pili, inapwaya. Mwenye benki, kasisi na mwanasiasa wanaomjia Kimathi kizuizini wameumbwa ili washindwe. Hotuba za shujaa hazikutani na pingamizi la kweli.

Ebrahim Hussein alichukua njia nyingine katika *Kinjeketile* (1969). Shaka kuu juu ya maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi inatoka kwa Kinjeketile mwenyewe. Mgogoro umo ndani ya nafsi ya kiongozi, na ndiyo sababu kazi hiyo inabaki na uzito hata kwa msomaji asiyekubaliana na vita.

Umuhimu wa kigezo hicho cha pili unadhihirika Maua, chini ya milima ya Nyambene. Msomaji wa huko anajua kwamba Musa Mwariama alitoka msituni mwaka 1963 kuulaki uhuru, na kwamba Baimungi, kiongozi mwenzake wa Mau Mau katika Meru, aliuawa mwaka 1965 na majeshi ya serikali huru. Anazijua pia bunduki za wezi wa mifugo katika mpaka wa Meru na Isiolo, na mabishano kuhusu kuwapa silaha polisi wa akiba. Msomaji huyo hahitaji kuambiwa kwamba bunduki hukomboa. Anataka kujua itaelekezwa kwa nani baada ya ukombozi. *Mzalendo Kimathi* inafungwa kwa wimbo wa ushindi, na swali hilo haliulizwi. Hiyo ni kasoro ya kifasihi kabla ya kuwa ya kisiasa, kwa kuwa mtunzi amemnyima msomaji wake sehemu ya ukweli ambayo tayari anaishi nayo.