Mawe ya Mara yaipima hoja ya Dirac

Mwaka 1937 mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac alipendekeza kwamba nguvu ya mvutano hufifia kadiri ulimwengu unavyozeeka: umri ukizidi mara mbili, mvutano hubaki nusu. Mwaka 1948 Edward Teller alimjibu kwa kuuliza swali la maji. Kama mvutano ulikuwa mkubwa zamani, je, bahari zingeweza kuwepo? Swali hilo linaweza kuulizwa mkoani Mara, na miamba ya huko inajibu vizuri kuliko mingi.

Ukanda wa miamba ya kijani wa Musoma–Mara, wenye dhahabu ya Buhemba wilayani Butiama na ya North Mara kule Tarime, ni lava na mashapo ya kale, yaliyopenywa baadaye na matale. Mwaka 2006 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Japani, walichapisha umri wake: lava zina takriban miaka bilioni 2.67. Walipima chembe za zirkoni, madini ambayo yanapoganda hupokea urani na kukataa risasi. Risasi inayokutwa ndani leo imezaliwa humo humo, kutokana na urani iliyooza, na urani-238 hupungua hadi nusu kila miaka bilioni 4.47.

Uzuri wa kazi hii uko kwenye saa yenyewe. Urani huoza kwa nguvu za ndani ya kiini cha atomu. Mvutano hauna mkono hapo. Ukihesabu kwa mizunguko ya dunia, kipimo kinayumba pamoja na kinachopimwa, kwani kwa kanuni ya Dirac mwaka wa enzi hizo ungekuwa na siku kama 237 za leo. Zirkoni haina tatizo hilo.

Sasa hesabu. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, hivyo lava hizo zilipotoka ulikuwa na bilioni 11.1 hivi. Mvutano wa Dirac ungekuwa mara 1.24 ya wa leo. Ongezeko hilo laonekana dogo, lakini Teller alionyesha kwamba mng'ao wa jua hupanda kwa kipeo cha 7 cha mvutano, na dunia nayo ingelisogelea jua, jambo linaloongeza vipeo 2. Jumla ni kipeo cha 9, yaani joto la jua karibu mara 7 ya la leo. Tukipunguza asilimia 20 kwa sababu jua lilikuwa changa, inabaki mara 5 na nusu. Zuhura, sayari isiyo na tone la maji usoni mwake, hupata mara 1.9 tu.

Lakini ukanda wa Mara una tabaka za chuma na gumegume, mashapo yaliyotua majini. Maji yalikuwepo. Kwangu hilo linatosha kuliangusha pendekezo la Dirac katika sura yake ya kwanza. Teller alitumia umri mdogo mno wa ulimwengu, uliokubalika wakati wake, na umri ulipoongezwa hoja yake ililegea. Mawe ya kale namna hii ndiyo yanayoikaza tena.

Udhaifu wake nao usifichwe. Mvutano ukibadilika kwa asilimia 1, joto la jua hubadilika kwa asilimia 9 hivi, na mawingu au hewa ya ukaa vinaweza kulifunika badiliko hilo. Kwa mabadiliko madogo, wataalamu hupima mizunguko ya sayari. Kwa Dirac, dunia ingejitenga na jua kwa karibu mita 11 kila mwaka. Mwezi hausaidii kirahisi: ungesogea sentimita 2.8 kwa mwaka, wakati mawimbi ya kujaa na kupwa kwa bahari tayari yanausukuma sentimita 3.8. Ndiyo maana chombo Messenger, kilichoizunguka Utaridi kuanzia 2011 hadi 2015, kina thamani kubwa. Uchambuzi wa 2018 wa safari yake ulionyesha kwamba badiliko lolote ni chini ya sehemu 4 kwa trilioni 100 kwa mwaka. Dirac alihitaji sehemu 7 kwa bilioni 100.

Hata hivyo Messenger ilipima miaka michache ya zama zetu. Mvutano uliopungua mapema kisha ukatulia ungeipita bila kuonekana, na kwa dhana ya namna hiyo inabidi kurudi kwenye mashapo ya chuma na zirkoni za Mara.