"Askari" Peke Yake Halitoshi: Uhakiki wa Istilahi za Kinga ya Mwili

Katika mafunzo ya afya, chembechembe nyeupe za damu zimezoeleka kuitwa "askari wa mwili". Jina hili ni jepesi, nalo laeleweka upesi; lakini mfasiri akilitumia kwa seli zote huficha kazi isiyo ya vita.

Neno "kinga" lenyewe lina historia nzito katika pwani ya Kilwa. Mwaka 1905, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa Kivinje, watu walipokea dawa ya maji wakiamini kuwa itageuza risasi kuwa maji. Hiyo ilikuwa kinga kwa maana ya ngao: mtu huipata mara moja, akasimama nyuma yake. Ngao hiyo haikuzuia risasi. Lakini vijiji viliunganishwa na wajumbe, walioitwa hongo, waliopeleka maji na habari huku na huko.

Mwili nao una wajumbe wake. Virusi vikiingia, seli za dendriti, zilizoelezwa na Ralph Steinman na Zanvil Cohn mwaka 1973, huvimeza na kuvikatakata, kisha husafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki. Huko huzionyesha seli T vipande vya virusi. Kipande peke yake hakitoshi: seli ya dendriti hutoa pia ishara ya pili, kuthibitisha kuwa hatari ipo, pamoja na kemikali za kuielekeza seli T kazi yake. Ndipo seli T huongezeka kwa siku kadhaa, na baadhi yake huenda kuua seli zilizoambukizwa.

Je, mjumbe huyu naye aitwe askari? Mwanafunzi atauliza kwa haki: ikiwa askari wapo tangu kuzaliwa, chanjo ni ya nini, na mbona haikingi siku ileile? Jibu limo katika safari na ujumbe, mambo ambayo "askari" hailitaji hata moja.

"Tarishi" lingefaa kwa safari. Ila tarishi hubeba barua asiyoisoma, na seli hii hupima hatari kabla ya kuarifu. Twapendekeza "seli wasilishi", na "askari" libakie kwa zile zinazoua. "Kinga" nalo lidumu, mradi mwalimu aeleze kuwa hujengwa siku kwa siku, kwa habari iliyofikishwa.