Vipande 14 kati ya 103,632
Nchini Australia, wagonjwa watatu walipandikizwa viungo siku moja, wawili figo na mmoja ini, vyote kutoka kwa mtu mmoja. Wiki 4 hadi 6 baadaye wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa homa. Mchangiaji alikufa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, baada ya safari ya nchi zilizokuwa Yugoslavia. Maabara zilijaribu kuotesha vimelea na kupima kwa PCR. Hazikuambulia kitu.

PCR humsaka mshukiwa aliyetajwa tu: lazima uijulishe kwanza sehemu ya mfuatano wa kirusi unachokitafuta. Hapa hakukuwa na wa kumtaja.

Gustavo Palacios, Ian Lipkin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliacha kukisia. Walichukua RNA kutoka kwa wagonjwa wawili, wakaondoa DNA kwa kimeng'enya, wakanakili RNA iliyobaki bila kuchagua, kisha wakaisoma yote kwa mashine. Vikatoka vipande 103,632. Kompyuta ikaondoa vile vya binadamu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoamua yote, kwa maoni yangu. Herufi za urithi za virusi hubadilika upesi, hata virusi vya ukoo mmoja vikilinganishwa herufi kwa herufi vinaweza kuonekana havihusiani. Protini hubadilika polepole zaidi. Kwa hiyo vipande vilifasiriwa kuwa protini ndipo vikalinganishwa. Vipande 14 tu, katika lundo lote lile, vilionyesha arenavirusi: ukoo wa kirusi cha Lassa, na jamaa wa karibu wa LCMV, kirusi cha panya wadogo wa nyumbani.

Sasa PCR ilikuwa na jina la kusaka. Ilikipata kirusi hicho katika sampuli 22 kati ya 30, kwa wagonjwa wote watatu, mfuatano wake ukiwa mmoja. Ni vigumu mno watu watatu kukiokota kila mmoja mahali pake.

Na mchangiaji je? Kwake RNA ya kirusi haikuonekana, na ripoti ya mwaka 2008 katika New England Journal of Medicine haikulificha hilo. Ushahidi ulikuwa kwenye damu yake: kingamwili za IgG, pamoja na IgM, ambazo huashiria maambukizi ya karibuni. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kupambana. Waliopokea viungo vyake walikuwa kwenye dawa za kupunguza kinga, ili miili yao isivikatae.